Kisanduku cha Kumi na Saba

Fomu ni ile ile, kutoka Amadora hadi Vinhais:
kurasa nane, kalamu ya serikali yenye wino mchoyo,
na swali la kumi na saba, ambalo nimezoea kulisoma kwa sauti ya chini
kama mtu anayeuliza umri wa mjane:
katika kila euro mia inayoingia nyumbani,
ngapi hutoka kwa ajili ya nyumba yenyewe?

Amadora. Ghorofa ya sita, lifti imekufa tangu Pasaka.
Zulmira Tavares ananifungulia, sare ya hospitali bado mwilini.
Usiku anapiga deki wodi, mchana analala
kitanda ambacho usiku hulaliwa na binamu yake.
Shuka halipati nafasi ya kupoa.
Pango la chumba hiki ni pango kweli:
dirisha hakuna, na ukungu unapanda ukutani
kama ramani ya nchi inayopanua mipaka.
“Sitini na moja,” anasema. Hahitaji kikokotoo,
anaijua kama anavyojua jina la mwanawe.
Maelekezo yananitaka niulize: kwa nini usihamie kwingine?
Alicheka mpaka jirani akagonga ukuta.
“Kwingine wapi, binti? Hapa ndipo kwingine.
Nilitoka Almada, nikatoka Loures.
Kila nilipofika niliikuta bei imenitangulia,
imeshakaa kitini, imeshavua viatu.”
Wanaosema kupanga ni kuchagua hawajawahi kupanga chumba.

Basi la kaskazini, saa saba.
Nje ya dirisha nyumba zinazidi, watu wanapungua.

Vinhais. Mzee Belarmino Quintela, nyumba ya mawe ya babu yake,
hati mkononi, deni la benki hana.
Mtaa una milango kumi na moja; moshi unatoka kwa miwili.
Nilikuwa nimeshaandika sifuri.
“Futa,” akasema.
Akapanga mezani kokwa kumi za kastanya, akaziita pensheni.
Moja akaisukuma pembeni: kuni.
Ya pili: kuni tena, maana Januari ya hapa haina haya.
Ya tatu gesi na umeme.
Ya nne akaitazama, akaing’ata katikati:
nusu ni vigae vilivyoondoka na upepo.
“Hainidai kodi, nyumba hii. Inanidai moto.”
Kisha akanisogezea moja, nikala, tamu, ya moto.
“Hiyo uliyokula,” akasema, “ilikuwa ya dawa.”
Sikujua nicheke au niiteme.

Mjukuu wake yuko Lisbon, analipia kitanda.
Hapa kuna vitanda vinne vilivyotandikwa, vinalaliwa na vumbi.
“Kule kazi zipo, nyumba hazipo. Hapa nyumba zipo, kazi hazipo.
Hawa wawili walikuwa mume na mke,” akasema,
“nani kawatoa talaka?”
Fomu haina mahali pa kujibu swali la anayehojiwa.

Ofisini watamchukua Zulmira, watamchukua Belarmino,
watajumlisha, watagawa kwa mbili,
na atazaliwa mtu wa wastani, mwenye afya nzuri,
anayeishi mahali ambapo basi halijawahi kusimama.
Ramani watampaka rangi ya machungwa iliyopauka.

Mimi sijahojiwa na mtu.
Nina miaka thelathini na minne, nalala kwenye kochi la mama, Barreiro,
na soksi zangu zinaishi kwenye droo ya vijiko.
Usiku, ndani ya basi la kurudi, nilijaza fomu yangu kwa penseli,
nikafika kumi na saba, nikasita.
Kisanduku kina nafasi ya tarakimu mbili tu.
Aliyekichora aliamini hakuna kaya inayoweza kufika mia.
Nimezikuta. Huwa naziandikia tisini na tisa,
nao hunishukuru kwa ile moja.